Admini wa Mto Haulali

Kwa miaka mitatu nilimjua kwa kikohozi. Kila ilipogonga saa nne za usiku simu yangu ilitetemeka kifuani, nikaifungua sauti aliyotuma, na kabla ya neno lolote kikaja kikohozi kimoja kikavu, kama cha mtu anayebisha hodi katika nyumba ambayo amekwisha kuingia. Kisha swali lake, neno moja tu: "Mto?"

Sote tulimwita Admini. Damari wa Hewani, ambaye husali naye, anasema hata mchungaji humwita hivyo, na kwamba Jumapili moja alipoombewa mbele ya waumini, sala ilisema, "Ee Bwana, umguse mjakazi wako Admini," ikaitikiwa amina bila mtu kucheka. Alizaliwa wapi na ni mtoto wa nani, sijui. Niliwahi kumuuliza katika kundi letu la simu, kwa kuwa mimi ni mtu wa kutaka kujaza kila safu ya jedwali, akanijibu kwa sauti ya sekunde tatu: "Unataka kunioa au kunipima?" Sikuuliza tena.

Kundi liliitwa Mto Haulali. Lilianzishwa kabla yangu, msimu mmoja wa mafuriko, kwa haja iliyo wazi: maji ya Tana hushuka usiku kama mchana, na mtu aliyelala Kau, karibu na mlango wa mto, hana njia ya kujua kilichopita Hewani isipokuwa aliyeko Hewani amwambie. Kila kijiji kilisimika kijiti ukingoni na kukikata alama moja. Maji yakifika kwenye alama, watu wanahama. Usiku wa maji kupanda, kila saa, mtu mmoja wa kila kijiji hushuka na tochi, hupima kwa vidole umbali uliobaki kati ya maji na alama, kisha huandika. Tulijibu kwa kufuata mkondo: Hewani, Wema, Garsen, na Kau mwisho. Guyo, mfugaji wa nyika iliyo nyuma ya Garsen, hakuwa na kijiti, lakini aliruhusiwa kujibia nyika kabla ya Kau kwa sababu huko maji hufika bila kubisha. Hapakuwa na kuruka foleni. "Maji hayamruki mtu," Admini alisema. Yeye mwenyewe alijibia Wema, ambako ana kibanda cha kuchaji simu kwa umeme wa jua.

Ningeweza kuishia hapo, na kundi lingekuwa moja tu kati ya makundi mengi yenye manufaa yasiyosomwa na mtu. Lililolifanya liwe lilivyo ni chumvi.

Chumvi ilikuwa sheria ya Admini. Ukishataja vidole, ilikupasa kuongeza neno moja la utani, jipya, lisilowahi kusemwa, na ikiwezekana limguse mtu aliyemo kundini. Sheria ilitokana na bwana mmoja wa mwanzo mwanzo, ambaye baadaye alihamia Hola na ambaye mwenyewe hukihadithia kisa hiki kwa fahari. Usiku huo alikuwa akijibu "sawa" kila saa huku amelala, kidole chake kikibonyeza neno lile lile, hadi maji yalipoingia chini ya kitanda chake na kuondoka na ndara zake. Asubuhi Admini alitangaza: "Mtu aliyelala anaweza kutoa nambari. Hawezi kumchokoza mwenzake." Tangu siku hiyo asiyetia chumvi alihesabiwa amelala, akapigiwa simu mpaka alie.

Nitatoa usiku mmoja kama ulivyokuwa. Ninao wote, kwa kuwa nilikuwa nikiuhifadhi kwa ajili ya tasnifu yangu ya uzamili.

"Mto?" akauliza Admini.

Damari akaandika: "Hewani, vidole saba. Chumvi: ndizi zangu zimeiva. Nimeambiwa na nyani, maana mume wangu bado hajagundua."

"Wema, sita na nusu," Admini akasema kwa sauti. "Chumvi: kuku ameatamia simu ya mwalimu mkuu. Nikimtoa atanidonoa. Nikimwacha, mwalimu atapigiwa simu na vifaranga."

"Garsen, sita," nikaandika mimi. "Chumvi: nimesoma kurasa arobaini kuhusu maji, na bado kiatu kimelowa."

"Ya wastani," akasema Admini.

Guyo naye: "Nyika kavu. Chumvi: leo ng'ombe ya mimi ameona picha ya shamba ya Damari kwa simu. Ameshiba."

"Guyo!" Damari akajibu papo hapo. "Irudishe hiyo picha. Nimeiangalia sasa hivi, yamebaki mabua."

Hatimaye Shee wa Kau, ambaye Kiswahili chake kina adabu ya watu wa pwani ya Kipini hata anapotukana: "Waungwana, Kau vidole vitano, na bahari inasukuma kidogo. Chumvi: paka wetu kavua samaki kunishinda. Tangu jana mama amwita yeye mwanangu, na mimi aniita wewe."

Nilicheka nikiwa peke yangu chumbani, mkono mdomoni, hadi mwenye nyumba akagonga ukuta. Mtu asiyeijua nchi hii anaweza kudhani ni upuuzi wa watu waliokosa usingizi. Lakini hapa ng'ombe na shamba vimewahi kuzozana kwa namna isiyochekwa hata leo, na kuwasikia Guyo na Damari wakigombania mabua ya pichani, saa saba za usiku, mmoja nyikani na mwingine kando ya msitu, kila mmoja akijua kwamba mwenzake yu macho kwa ajili yake, kulikuwa na utamu ambao sijaupata katika kitabu chochote cha nadharia. Admini alijua thamani yake. Siku ambayo ng'ombe wa kweli waliingia katika shamba la kweli, huko mbali na wala si wa Guyo, alitoa amri kabla ya mwito: "Leo chumvi ya ng'ombe hakuna. Taniani kuhusu wake na waume, hawana mwenyewe." Tukatii.

Alikuwa na uadui wa wazi na picha za maua. Mgeni akituma waridi lenye maandishi ya asubuhi njema, Admini aliuliza: "Ua hili liko kimo gani juu ya maji?" Mgeni asiyejua alitolewa. Aliwahi kuingizwa bwana mmoja aliyekuwa akitafuta kura, akaandika ahadi ndefu zenye daraja, zahanati na lami. Alipomaliza, Admini alikohoa. "Mto?" Bwana yule akajibu kwamba anawashukuru wananchi wote wa mto. "Vidole?" Akajibu kwamba yuko mikononi mwa wananchi. Alitolewa kabla hajatufikisha kwenye viwanda.

Kutolewa kulikuwa na jina lake, kulala nje. Kosa la kawaida, kama kurudia chumvi ya jana au kutuma sauti inayozidi dakika moja, lilikuwa la usiku mmoja: alikutoa, na alfajiri akakurudisha bila neno, kama mlango unavyofunguliwa ili kuku watoke. Shee alilala nje mara nyingi hata akadai kwamba ana kitanda huko. Sauti za Admini mwenyewe zilifika dakika nne. Nilipomwonyesha ukinzani huo, kwa heshima na kwa mifano mitatu yenye saa zake, alisema, "Sheria ni uzio, Profesa. Aliyejenga uzio ndiye anajua pengo liko wapi." Profesa lilikuwa jina langu tangu siku waliyogundua kwamba nina jedwali la aina kumi na moja za chumvi. Guyo aliuliza ng'ombe wake wako katika safu gani. Nilimwambia wako katika safu tatu. Alifurahi kwa wiki nzima.

Pengo jingine katika uzio wake nililiona baadaye sana. Kulikuwa na majuma mawili ambayo kikohozi chake kilibadilika kikawa kinene, nasi tukamtania kwamba amemeza simu ya mteja. Usiku mmoja wa majuma hayo alisema, "Wema, vidole vinane, kipimo cha jirani. Chumvi: nimepata kitanda chenye magurudumu. Maji yakija, nitaendesha." Tulicheka kupita kiasi. Guyo aliuliza kama kina honi. Ni Damari aliyekuja kugundua, baada ya kumkosa kanisani, kwamba kitanda kile kilikuwa cha wodini, na kwamba Admini alikuwa akitupigia mwito wa saa nne akiwa na sindano ya maji mkononi, muuguzi akimwekea simu mdomoni. Alituambia kweli tupu, nasi tukaipokea kama chumvi. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi, labda kuliko inavyonifaa.

Maana kulikuwa na sheria moja isiyokuwa na pengo. Maji kwanza, chumvi baadaye, na chumvi haigusi maji. Tania mkweo, tania maiti wa panya, mtanie Admini akikuruhusu. Nambari ya vidole haitaniwi. Alikuwa akiirudia kwa kila mgeni, na nilipoingia aliniambia peke yangu, kwa sauti ya chini: "Wewe una elimu nyingi, kwa hiyo nakuambia mara mbili."

Baada ya mwaka wa kusikiliza alinikabidhi kijiti cha Garsen. Sijawahi kupewa cheo kilichonifurahisha hivyo. Nilinunua tochi mbili, na nikaandika mwongozo mdogo wa namna ya kulaza vidole bila kuviachanisha. Miaka miwili nilipima bila kosa.

Usiku wa kosa ulikuwa wa mvua ya bara, mto ukipanda tangu juzi, na sote tulikuwa macho kwa usiku wa tatu mfululizo. Kuna hali humpata mtu katika usiku wa tatu, ambapo kila kitu huchekesha, hata tochi. Saa saba nilikuwa nimetoa chumvi moja kuhusu mhadhiri wangu na chura, na Shee, ambaye hakuwahi kunisifu, aliandika: "Waungwana, Profesa kaiva." Nilisoma maneno hayo mara sita. Saa nane nilishuka ukingoni nikiwa na mabawa. Maji yalikuwa chini ya alama kwa vidole viwili. Niliwaona wote mbele yangu wakingojea. Nikaandika, huku mabega yakitikisika kwa kicheko: "Garsen, maji yamepita alama, yamepanda ngazi za duka, yamevuta kiti, yameagiza chai ya maziwa."

Nilidhani chai ingetosha kuwa ishara. Nimekwisha kuichambua dhana hiyo kwa kila upande, na kila upande ni wa kijinga. Mtu aliye Kau, gizani, mama yake mzee amelala chumba cha pili, hasomi hadi kwenye chai. Anasoma "yamepita alama", anatupa simu mfukoni na kukimbia.

Sauti ya Admini ilikuja mara moja, bila kikohozi. "Garsen, rudia. Vidole?"

Ningeandika neno moja, "viwili", labda ningemwahi Shee. Badala yake nilikaa kwenye jiwe nikatunga maelezo, kwamba kauli yangu ilikusudiwa kuwa chumvi, kwamba nambari halisi ni vidole viwili, kwamba nilidhani muktadha uko wazi. Niliyasahihisha mara mbili. Dakika nne zilipita.

Katika dakika nne hizo Shee alimwamsha mama yake, akapakia gunia la mbegu za mpunga mtumbwini, akamketisha mama juu ya gunia na kusukuma. Mtumbwi uligonga kisiki na kupinduka. Mama aling'ang'ania mgomba, akatolewa amelowa, mzima, akimtukana mwanawe, paka na serikali. Mbegu zilikwenda na maji, na simu pia. Lakini hayo sisi hatukuyajua. Tulichojua ni kwamba saa tisa Admini aliuliza "Mto?" na Kau haikujibu. Saa kumi haikujibu. Saa kumi na moja Damari aliandika vidole vyake bila chumvi, na hakuna aliyempigia simu kumwamsha.

Kulipopambazuka, ujumbe ulikuja kutoka simu ya jirani: "Kau. Vidole vitatu. Sina chumvi."

Admini alinitoa.

Nilingoja alfajiri ya kesho yake, na ya kesho kutwa. Mlango haukufunguliwa. Baada ya wiki nilimwandikia barua ya kuomba radhi, kurasa nne, yenye utangulizi, mazingira ya kosa, uchambuzi na hitimisho. Nilimtumia yeye, kwa kuwa yeye ndiye mamlaka. Alijibu baada ya siku mbili: "Nimeanza kusoma. Nilipofika mwisho wa utangulizi nikalala. Mimi!"

Niliacha kulala vizuri. Saa nne za usiku mwili wangu uliamka wenyewe, nikakaa kitandani nikiwa na simu isiyolia. Wakati huo huo mhadhiri anayenisimamia alikuwa akidai fomu ya ridhaa ya kundi, iliyotiwa sahihi, la sivyo sura nzima ya tasnifu ingetolewa. Nilijiambia kwamba ninakwenda Wema kwa ajili ya fomu. Nilijiambia hivyo kwa uangalifu mkubwa, njia nzima, nikiwa nyuma ya bodaboda.

Kibanda chake ni cha mabati, na ndani yake simu zimelala kwa safu juu ya rafu, kila moja imebandikwa karatasi yenye jina la mwenyewe. Katikati ya simu hizo, juu ya kiti cha plastiki, alikuwapo mwanamke mfupi kuliko sauti yake, miwani imefungwa kwa uzi, kidevu kifuani, amelala fofofo. Ilikuwa saa tisa za alasiri. Nilisimama mlangoni nisijue kama kumwamsha ni haki yangu. Akakohoa, macho bado yamefumba.

"Shikamoo, Admini."

"Marahaba. Wewe ni yule mrefu."

"Mimi si mrefu sana, mama."

"Wa maandishi." Akafumbua jicho moja. "Kaa. Usisimame kama fomu."

Nilikaa juu ya ndoo. Nilizitoa fomu, nikaanza kumweleza haki zake kama mshiriki wa utafiti, na kwamba anaweza kujiondoa wakati wowote. Aliniacha niende mpaka kipengele cha tatu.

"Umekwenda Kau?"

"Hapana, mama."

"Umempigia Shee?"

"Nilikuandikia wewe."

"Mimi ndiye niliyelowa?"

Alinimiminia chai ya rangi, akasukuma sahani ya viazi vitamu.

"Wengine unawarudisha alfajiri," nikasema. "Hata yule aliyerudia chumvi wiki nzima."

"Wengine walinikosea mimi, basi mimi nafungua. Wewe ulimkosea Kau. Mlango wa Kau ufunguo wake uko Kau. Mimi nimekaa hapa siku zote hizi nangoja uugundue, Profesa, na wewe unaniletea utangulizi." Akachukua kiazi changu kimoja akala. "Kila usiku Shee anasema vidole, anasema hana chumvi, anakwenda. Kundi limekuwa kama wodi. Guyo juzi kasema chumvi ya ng'ombe aliyefiwa. Ng'ombe aliyefiwa! Nani acheke?"

Hapo ndipo nilipofahamu kilichokuwa kimepotea kwa sababu yangu, na kwamba mbegu zilikuwa sehemu ndogo tu. Nilimwambia nitaondoka mara moja kwenda Kau. Alisema usiku unaingia na mtu mwenye haraka amekwisha kupindua mtumbwi mmoja. "Utakaa hapa mpaka mwito."

Basi nikauona mwito kutoka upande wa pili. Saa nne kasorobo alivaa koti, tukashuka ukingoni, akapiga magoti kwa kuguna, akalaza vidole juu ya kijiti kimoja kimoja, bila mwongozo wangu. Tukarudi. Alikohoa mbali na simu kwanza, kikohozi cha kweli kirefu, kisha akakohoa kile kifupi tunachokijua, ndani ya simu. "Mto?"

Damari akajibu vidole tisa na chumvi hafifu kuhusu mume wake na kofia. Admini akajibia Wema. Akaendelea, bado amebonyeza: "Garsen haina mtu. Lakini nina mtu hapa." Akanisogezea simu mdomoni, kidole chake kikiwa palepale.

Nilikuwa nimetayarisha aya. Zote zilikimbia. "Bwana Shee," nikasema, "nilitia chumvi katika maji. Mbegu zako zilikwenda kwa mdomo wangu, na mama yako alilowa kwa mdomo wangu. Ulipohitaji neno moja mimi nilikuwa nikitunga. Nisamehe."

Akaachia. Tukakaa tukitazama kioo. Guyo, ambaye zamu yake ilikuwa imefika, hakujibia nyika. Hata wadudu wa taa niliwasikia wakigonga mabati.

Hatimaye sauti ya Shee ikaja, polepole, na adabu zake zote. "Kau, vidole kumi. Nimesikia. Mama naye kasikia, yuko hapa kaniegemea. Asema hivi: yeye ana shamba lisilo mbegu, nawe una mikono isiyo kazi. Asema msamaha wa simu aweza kuupokea paka. Yeye ataka uje." Ikakatika, kisha ikaja nyingine, fupi. "Chumvi: Profesa akishika jembe, msimwambie lipi ndilo jembe. Tumwache achague."

Damari alituma kicheko cha sauti, kile chake cha kupasua ungo. Guyo aliandika: "Mimi naleta ng'ombe yote ije kuangalia Profesa analima. Wamelia sana hawa. Wanataka kucheka." Admini akabonyeza, akasema, "Nyika, maji kwanza," kwa sauti kavu kabisa, akaachia kidole, akaweka simu chini, na akacheka. Alicheka bila sauti, mwili wote, miwani ikimwangukia, akipiga goti kwa kiganja, machozi yakimtoka. Kisha akajifuta, akabonyeza, akawa mkavu tena. Katika miaka mitatu sikuwa nimejua. Kumbe kila sauti yake ilikatika pale ambapo asingeweza kujizuia zaidi.

Fomu alitia sahihi saa nane za usiku, kati ya mwito na mwito. "Andika yote, hata ujinga wako, hasa huo. Jina langu toa."

"Kwa sababu ya usiri?"

"Kwa sababu wakitaka kunijua, wakeshe."

Asubuhi alinionyesha gunia pembeni, nusu lake mbegu za Damari, nusu zake. Niliuliza Guyo alileta nini. "Ushauri," akasema. Walikuwa wamelikusanya siku nyingi na halikuwa na wa kulibeba. Alilipakia juu ya bodaboda mwenyewe, akanipa na jembe la kuazima, akalifunga kwa mpira. Nilianza kumshukuru kwa utaratibu. Alinikata.

"Ukifika Kau usianze na maelezo. Anza na jembe."

Kabla pikipiki haijageuka alikuwa amerudi kitini, kidevu kifuani.

Nililima siku tatu. Mama Shee alikaa ukingoni mwa shamba na paka, akinisahihisha mstari kwa mstari. Siku ya tatu jioni alisema kwamba nimelima kama mtu anayesoma gazeti, lakini nimelima, akaniwekea samaki wa pili. Usiku, nikiwa nimelala chali kwenye mkeka wao nisiweze kujigeuza, simu ilitetemeka kifuani. Nilikuwa nimerudishwa. Hakuna aliyenikaribisha. Damari alitoa vidole vyake, Admini akatoa vyake, akaita Garsen ingawa alijua niko Kau, na kabla sijaandika chochote Guyo aliruka foleni.

"Profesa," akaandika, "mgongo bado iko?"

Admini alimlaza nje usiku huo huo.